Uswidi Ilikosea Tangu Siku ya Kwanza

Ukihama kutoka kalenda ya Juliasi kwenda ya Gregori, siku 11 za tofauti hukatwa kwa pigo moja. Uswidi haikufanya hivyo mwaka 1700, na yote yaliyoharibika baadaye yalianzia hapo.

Mwaka uleule, Denmark na Norwei walilala Februari 18 wakaamka Machi 1, kazi ikaisha. Stockholm wao wakaamua kufuta Februari 29 ya kila mwaka mrefu, kuanzia 1700 hadi 1740. Miaka 40 ya kumega siku mojamoja! Muda wote huo nchi isingefuata Juliasi wala Gregori; ingebaki na tarehe yake peke yake, na tofauti yake na majirani ikibadilika kila baada ya miaka minne. Nahodha, mfanyabiashara, karani wa mikataba, kila mmoja angelazimika kukumbuka mwaka huu tofauti ni siku ngapi. Nani aliona huo ndio wepesi?

Siku ya kwanza ikafutwa. Mwaka 1704 Februari 29 ikaachwa ipite, na 1708 vilevile. Watetezi wa mpango husingizia vita vya Mfalme Karl XII wa Uswidi. Nimelisema mara nyingi na nitalirudia: mpango unaohitaji utulivu wa miaka 40 katika Ulaya ile ulikuwa umeshindwa kabla ya kuanza. Tazameni pigano la Poltava kati ya Waswidi na Warusi, 1709: kwa Warusi ilikuwa Juni 27, kwa Waswidi Juni 28, kwa wafuasi wa Gregori Julai 8. Pambano moja, tarehe tatu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo. Aloysius Lilius mwenyewe, aliyebuni kalenda ya Gregori, alikuwa ametaja njia hiyohiyo ya kufuta siku kumi kidogo kidogo kwa miaka 40. Mwanahisabati Christopher Clavius akaikataa, akataka zikatwe kwa mkupuo, na Papa Gregori XIII akamsikiliza. Alhamisi, Oktoba 4, 1582, ikafuatwa na Ijumaa, Oktoba 15. Hata mfuatano wa siku za juma haukuguswa. Tangu hapo sijamwona msimamizi wa kalenda aliyemfikia Clavius. Zaidi ya karne moja baadaye, Waswidi wakaokota kile alichokitupa.

Kurudi kwenye kalenda ya Juliasi mwaka 1712, kwa kuongeza Februari 30, kulikuwa sahihi. Mwaka 1753, walipohamia kalenda ya Gregori, walifanya vizuri pia: Februari 17, kisha Machi 1. Zilikuwa siku 11 zilezile walizokataa kuzikata mwaka 1700.