Utoaji Mimba na Ukristo: Nusu ya Mapokeo Tuliyoisahau

Kila mjadala wa utoaji mimba unapozuka hapa Uganda, hoja mbili hukutana uso kwa uso. Ya kwanza inasema kwamba Kanisa limefundisha jambo lilelile tangu enzi za mitume bila kubadilika hata nukta. Ya pili inajibu kwamba Kanisa halikujali mpaka mwaka 1869, Papa Pio IX alipotoa hati yake. Nimezisikia zote katika midahalo ya wanafunzi, na wasemaji wa pande zote walishangiliwa. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba kila hoja ina kasoro, na kwamba zote zimeruka sehemu ya historia tunayoihitaji zaidi leo.

Tuanze na Biblia. Hakuna amri inayotaja utoaji mimba kwa jina. Andiko lililo karibu zaidi ni Kutoka 21:22-23, linalohusu wanaume wanaopigana na kumgonga mwanamke mjamzito hata mimba ikatoka. Kwa Kiebrania, adhabu inategemea kama kumetokea madhara zaidi. Waliotafsiri kwa Kigiriki kabla ya Kristo waliielewa sheria hiyo kwa namna nyingine: kwao adhabu inategemea kama mtoto alikuwa ameshaumbika. Sisi tunaosoma taaluma ya tafsiri tunajua neno moja linavyoweza kugeuza maana. Hapa lilizaa mabishano ya karne nyingi, kwa sababu Mababa wengi wa Kanisa waliisoma Biblia ya Kigiriki au ya Kilatini iliyotokana nayo.

Hata hivyo, hoja ya pili haisimami. Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanakataza waziwazi kuua mtoto tumboni na kumuua aliyezaliwa. Tertuliano, akiandika karibu na mwaka 197, alihesabu kuzuia kuzaliwa kuwa aina ya uuaji. Haya yalisemwa katika Dola la Kirumi, ambako baba aliweza kumkataa mtoto mchanga na kumtupa. Kwa hiyo anayedai kwamba katazo hili lilibuniwa katika karne ya 19 hajafungua vitabu.

Hoja ya kwanza nayo inayumba. Agostino, akifuata andiko lile la Kutoka, alitofautisha mimba iliyoumbika na isiyoumbika, na hakuthubutu kuiita ya pili mauaji kamili, ingawa aliiona kuitoa kuwa dhambi. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alimfuata Aristotle: roho ya kibinadamu huingia baada ya mwili kufikia hatua fulani. Mwaka 1588 Papa Sisto V aliondoa tofauti hiyo na kuweka adhabu kali kwa kila utoaji mimba. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1591, Papa Gregori XIV aliirudisha. Pio IX akaiondoa tena mwaka 1869. Kwa upande wa Waprotestanti, Wabaptisti wa Kusini huko Marekani walipitisha azimio mwaka 1971 lililokubali sheria zinazoruhusu kutoa mimba katika hali kama ubakaji na hatari kwa afya ya mama, hata ya kihisia. Miaka kadhaa baadaye kanisa hilohilo likawa miongoni mwa wapinzani wakubwa.

Basi, ni nini kilichobadilika? Wakatoliki hawakubadilisha hukumu kwamba jambo hili ni baya. Walichobishania ni uzito wake, wakati ambapo linakuwa mauaji, na adhabu inayostahili. Anayesema hakuna kilichobadilika anaficha mabishano ya watakatifu wenyewe. Anayesema kila kitu kilibadilika anafanya tofauti ya adhabu ionekane kuwa ruhusa.

Sasa niitazame sehemu iliyorukwa. Mwaka 314 maaskofu walikutana Ankyra, mji ambao leo ni Ankara nchini Uturuki. Kanuni ya zamani ilimtenga na ushirika, mpaka saa ya kufa, mwanamke aliyetoa mimba. Maaskofu wale waliipunguza ikawa miaka kumi ya toba. Hawakusema dhambi imekuwa ndogo. Walisema mwanamke huyo lazima awe na njia ya kurudi. Baadaye katika karne hiyohiyo, Basili Mkuu alikataa kabisa kutofautisha mimba iliyoumbika na isiyoumbika, kwa hiyo hawezi kuitwa mlegevu. Lakini Basili huyohuyo alikumbusha kwamba wanawake wengi hufa katika jaribio hilo, na akaagiza uponyaji upimwe kwa toba yenyewe, si kwa hesabu ya miaka. Tena ni yeye aliyejenga karibu na Kaisaria mahali pa kuwatunza wagonjwa na maskini. Katazo na matunzo vilitoka katika mkono mmoja.

Nikilinganisha na hali yetu, naona tumerithi katazo peke yake. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 22(2), inakataza kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa sheria iruhusu. Kanuni ya Adhabu, tuliyoachiwa na Waingereza, inampa mwanamke kifungo cha hadi miaka saba. Mwanamume aliyempa mimba kisha akamkana hatajwi kabisa katika vifungu hivyo. Waingereza wenyewe walilegeza sheria yao mwaka 1967. Sisi tuliendelea kuilinda yetu kana kwamba ilishuka Sinai.

Shuleni hali ni ileile. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa sababu ya korona, serikali iliagiza wasichana wajawazito na wanaonyonyesha wapokewe. Baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga, wakihofia mfano mbaya kwa wengine. Hapa ndipo ninapotofautiana nao, nami ni muumini. Nilisoma katika shule ya kanisa ambako wasichana walipimwa mimba kila muhula, na aliyepatikana nayo alifunga sanduku lake siku hiyohiyo. Jumapili tulihubiriwa kwamba mtoto tumboni ni zawadi ya Mungu. Jumatatu zawadi hiyo ilikuwa sababu ya kufukuzwa. Msichana mwenye akili angejifunza nini hapo, kama si kwamba siri ndiyo itakayomwokoa? Ukimfungia milango yote, usishangae akiingia kwa mganga wa kichochoroni.

Najua nitajibiwa kwamba huruma hufungua mlango wa dhambi. Jibu langu ni Ankyra: waliopunguza adhabu hawakulibadili fundisho. Mwaka 2016 Papa Fransisko naye aliwapa mapadre wote ruhusa ya kudumu ya kuwaondolea dhambi hii wanaotubu, na bado aliiita dhambi nzito. Najua pia wapo watakaosema suluhisho ni kubadilisha sheria, kama Rwanda, ambayo mwaka 2018 iliondoa sharti la kupata kibali cha mahakama kwa anayeruhusiwa kutoa mimba, kwa mfano aliyebakwa. Mjadala huo ni halali, na bunge letu halipaswi kuukwepa. Lakini sheria ikibadilika au isibadilike, msichana aliyefukuzwa shule na nyumbani bado hana pa kwenda.

Mimi naamini kwamba mtoto tumboni si mali ya mtu. Kwa sababu naamini hivyo, nadai kwamba kanisa linalomkataza msichana kutoa mimba limwachie dawati lake, limtafute mwanamume na kumwita atubu na alee, na lipokee toba ya yeyote aliyekwisha kuanguka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wengi wetu tunaopiga kelele kwenye midahalo hatujawahi kuubeba huu.