Wanaofungua Pori

Nyumba ikiisha watu humsifu mwashi. Seremala husifiwa kwa milango yake, na fundi wa paa husifiwa masika ya kwanza yakipita bila tone kudondoka sebuleni. Yule aliyetangulia na panga, pale pakiwa bado pori, hatajwi. Alilipwa kwa siku, akaondoka na shoka lake begani, na baada ya misimu miwili ya mvua hakuna anayekumbuka kwamba kwenye chumba cha kulala palisimama mti wa mtundu. Mimi nataka kumtaja. Nimeishi katika nchi ya misitu ya miombo, kati ya Sikonge na Urambo mkoani Tabora, muda wa kutosha kujua kwamba nyumba inayodumu huko huamuliwa kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa, na anayeiamua ni huyo asiyetajwa.

Kazi yake huanza kwa miguu. Mfyekaji anayeijua kazi hutaka aoneshwe kiwanja Machi au Aprili, mvua zikiwa bado zipo, maana kiangazi ardhi ya Tabora hudanganya: kila mahali pakavu, kila mahali panaonekana pa kujengea. Mvua ikinyesha, maji hujionesha yenyewe yanakopita. Na hata yakiwa yamepita saa nyingi, huacha alama. Majani makavu hukwama upande wa juu wa mashina, mchanga mweupe hubaki umetandazwa kwenye kijia alichopita ng'ombe, nyasi hulala zikielekea upande mmoja. Mfyekaji hufuata alama hizo toka juu ya kiwanja hadi chini, tena toka chini hadi juu, na bado hajakata hata kijiti. Wenye viwanja wengi hukosa subira hapo. Wanaona siku inalipiwa na mtu anatembea tu.

Huwa anasoma udongo pia, na miti ndiyo inayomsomea. Penye mtundu, muba na mninga, udongo hupitisha maji, na hapo msingi utakaa. Migunga ikianza kujitokeza, miti mirefu ikapungua na nyasi zikazidi, ujue mbuga imekaribia: udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mkono ukaingia kwenye ufa. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo hupasuka pamoja nao. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliandika mwaka 1935 juu ya mpangilio huu unaojirudia toka mgongo wa kilima hadi bondeni, akauita katena, na neno hilo likaenea katika elimu ya udongo duniani. Wasukuma nao wana majina ya ngazi za mteremko huo huo: luseni ya kichanga huko juu, itogolo ngumu inayogomea jembe chini yake, kisha mbuga. Hawakuhitaji maabara. Walilima, wakajenga, wakaona ukuta upi ulisimama.

Halafu kuna vichuguu. Kichuguu kilicho hai ndani ya mistari ya nyumba hakivumiliwi, na kukisawazisha kwa jembe hakusaidii, kwa kuwa mchwa watakijenga upya, safari hii ndani ya ukuta. Wazoefu huchimba mpaka kwenye chumba cha malkia, wakamtoa, wakaendelea kufukua mapango ya chini mpaka udongo mgumu uonekane. Ule udongo uliotoka hautupwi. Ni mzuri kwa tofali na kwa kukandika, na pale ambapo mwenye nyumba hana fedha za kununua saruji nyingi, kichuguu kimoja kikubwa ni akiba kubwa.

Sasa nifike kwenye kiini cha ufundi huu, yaani kuamua kibaki nini. Mtu yeyote mwenye nguvu anaweza kulifyeka pori likabaki jeupe. Kuacha kunadai macho mengine. Mfyekaji niliyemfuata zaidi ni baba yangu mdogo, na siku moja alikuwa na mwalimu kijana aliyepata kiwanja chake cha kwanza. Mwalimu alikuwa ameupenda mtundu mmoja mrefu, ulionyooka, karibu na mahali alipotaka baraza. Mingine yote iondoke, alisema, huo ubaki.

"Mwalimu," baba mdogo akamwambia, "huo unaoupenda ndio utakaokuja kukulalia."

Akamweleza. Mti uliokulia kwenye msongamano umetumia maisha yake kulitafuta jua. Shina lake ni jembamba kwa urefu wake, matawi yako juu tu, na upepo haujawahi kuupiga sawasawa kwa sababu majirani waliukinga. Ukiwaondoa majirani wote kwa mkupuo, upepo wa mashariki wa Agosti utautikisa peke yake, na dhoruba ya kwanza ya Novemba itakuta mizizi imeshalegea. Basi miti iachwe kwa vikundi, minne mitano pamoja, na upande unakotokea upepo viachwe na vichaka vya chini, ili upepo uvunjike kabla haujafika kwenye mashina. Kati ya kikundi na ukuta wa nyumba pawe na nafasi inayozidi urefu wa mti, na mtundu uliokomaa hupita mita 15 bila shida. Karibu na nyumba ibaki michanga. Hiyo itakua ikipigwa na upepo tangu mapema, nayo itajifunza kusimama.

"Basi baba, chagua wewe," mwalimu akasema.

Akachagua kwa siku nzima. Alipita akigonga mashina kwa kisigino cha shoka, akisikiliza kama kuna uwazi ndani. Alifunga vitambaa kwenye miti ya kukatwa, si kwenye ya kubaki, maana kitambaa kikidondoka ni heri mti uulizwe kuliko ukatwe kwa makosa. Magharibi alibakiza kikundi kinene, kwa ajili ya jua la saa tisa alasiri linalochoma ukuta hadi usiku. Aliacha miti ya matunda ya porini, mbula, mtalali na mtonga, popote ilipowezekana, kwa kuwa watoto watakuja. Uelekeo wa nyumba nao aliutoa hapo hapo: pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, jiko na choo viwe upande upepo unakoelekea, na choo kiwe chini ya kisima kwa mteremko, angalau mita 30 mbali nacho. Mchora ramani angepata heshima kwa uamuzi huo. Baba mdogo alilipwa ujira wa kibarua.

Kabla shoka halijainuliwa, yapo ya kuuliza. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia kwa niaba ya wanakijiji, kwa hiyo mipaka inathibitishwa pale, mbele ya majirani. Miti ya thamani kama mninga na mpingo haikatwi kwa sababu tu imeota kwako. Huulizwa kwa ofisa misitu, na kibali hutangulia. Kando ya mto au chanzo cha maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 zisizoguswa. Na Tabora ni nchi ya asali. Ukiona mzinga wa gome umening'inia kwenye tawi, una mwenyewe, pengine baba yake ndiye aliyeanza kuutundika hapo, na atafuatwa nyumbani kwake aje kuuhamisha usiku, kwa moshi wake mwenyewe. Nimeona watu wakiona hilo ni usumbufu. Mimi naona ni salamu ya kwanza kwa majirani watakaokuzika.

Kukata kwenyewe kuna siri moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kwamba mti unaotakiwa kutoka na kisiki chake haukatwi kwanza. Miti ya miombo huchipua. Kata mtundu usawa wa goti, na mvua zijazo utakuta machipukizi kumi yamezunguka kisiki, na mengine yameibuka kwenye mizizi hatua kadhaa kutoka hapo. Ndani ya mistari ya msingi kwa hiyo kila kisiki lazima kitoke, na aliyekwisha kuuangusha mti amebaki na kipande kifupi kisichoshikika, akitokwa jasho kwa sururu siku nzima. Mjuzi huuacha mti umesimama. Hufukua kuzunguka shina, akiifuata mizizi ya pembeni mmoja mmoja, akiikata kwa shoka la zamani ambalo haoni uchungu kulitia mchangani. Kisha hufunga kamba juu kabisa, na watu wawili au watatu huvuta na kuachia, kuvuta na kuachia. Urefu wa shina sasa ndio wenzo. Kisiki hulegea kama jino la mtoto, mzizi wa katikati hulia, na mti hushuka wote pamoja na kisiki chake, upande ule ule ulioandaliwa. Hufanywa mwisho wa masika, Aprili au Mei, udongo ukiwa bado laini. Ukisubiri Septemba, utapiga sururu juu ya ardhi iliyokwisha kufunga.

Miti iliyo nje ya msingi huangushwa kwa namna nyingine: mkato wa mdomo upande wa kuangukia, kisha mkato wa nyuma ulio juu kidogo ya ule wa kwanza, na katikati kuachwa ukanda wa mti usiokatwa, bawaba inayouongoza mti hadi chini. Njia ya kukimbilia husafishwa mapema, ya mshazari kwenda nyuma. Ajali nyingi nilizozisikia zilimpata mtu aliyekuwa stadi wa shoka na mvivu wa kusafisha njia.

Shimo la kisiki hufukiwa kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata. Mizizi yote hutolewa kwanza. Mti uliozikwa chini ya nyumba huoza, udongo ukabonyea, sakafu ikapata ufa, na mchwa wakapata karamu iliyoandaliwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Urambo inajua ardhi inavyofanya mtu akiifungua kwa haraka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ikalenga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, na maeneo yake makubwa huko yakawa Kongwa, Nachingwea na Urambo. Yaliletwa matingatinga, na vifaru vya vita vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Pori likaangushwa kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, kisha mizizi iliyobaki ardhini ikayavunja majembe. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Mpango ulifutwa mwaka 1951, baada ya kumeza mamilioni ya pauni yaliyozidi thelathini. Hawakukosa nguvu wala fedha. Walikosa ile siku nzima ya kutembea bila kukata.

Siwalaumu wanaokodi katapila leo. Mwenye kazi ya mjini ana likizo fupi, na vijana wa kung'oa visiki kwa mkono wanapungua. Lakini mashine ikiingia bila mtu aliyekwisha kufunga vitambaa, dereva hufanya anachojua: husukuma kila kitu pembeni, na pamoja na visiki husukuma ule udongo mweusi wa juu. Katika miombo udongo huo ni mwembamba, kiganja kimoja hivi, na karibu rutuba yote iko ndani yake. Ndiyo bustani, ndiyo migomba ya baadaye. Wafunguaji wa mkono huukwangua kwanza, wakaurundika kando na kuufunika kwa nyasi. Hakuna kinachomzuia dereva wa katapila kufanya hivyo hivyo, kama yupo wa kumwambia, na kama anayelipa yuko tayari kulipa saa hiyo ya ziada.

Matawi nayo yana kazi. Marefu na yaliyonyooka huwa fito na nguzo za jiko, manene huwa kuni, na vitawi hulazwa kwa kukingama mteremko, safu baada ya safu, vikamate mchanga masika. Wengi huyachoma. Moto wa Agosti Tabora hauna rafiki, na rundo moja linaweza kupeleka moto hadi kwenye mizinga ya watu. Ikiwa lazima kuchoma, huchomwa kidogo kidogo asubuhi tulivu, ardhi imekwanguliwa pande zote, na mtu halisi amekaa hapo mpaka majivu yapoe.

Ndipo mwashi huitwa. Anakuta pamesawazishwa, vigingi vimepigwa, kamba imevutwa, na kona zimepimwa kwa hesabu ya tatu, nne na tano. Anaweza kuchimba msingi siku hiyo hiyo.

Lakini mfyekaji mwema hurudi. Hupita Januari, na Januari nyingine, kuangalia machipukizi. Yanayokaribia ukuta huyang'oa na mizizi yake. Kwenye visiki vya nje huchagua chipukizi moja lililonyooka kwa kila kisiki, mengine akayaondoa, na baada ya miaka kadhaa kiwanja kina nguzo zake chenyewe. Kisha huingia kwenye vile vikundi alivyoviacha na kutazama chini, kama uyoga umetoka. Uyoga wa miombo hauoti kwa kupandwa. Huishi kwa kushikana na mizizi ya mtundu na muba iliyo hai, na ukiikata nao hutoweka. Kwa mwalimu yule ulitoka msimu wa pili, upande wa magharibi, mwingi kiasi cha kujaza ungo, na mkewe akampa baba mdogo nusu.