Mpango wa Dodoma wa 1976: Mji wa Nani?
Mpango wa makao makuu uliochorwa mwaka 1976 na kampuni ya Toronto, Kanada, ulishika jambo sahihi: mwenda kwa miguu na basi kwanza, gari la mtu binafsi baadaye. Hapo hatuna ugomvi nao. Kasoro yake ni kumhesabu mwananchi kama mkazi, siyo mwamuzi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, iligawa viwanja. Wengi waliokosa wakajijengea Chang'ombe. Basi ardhi ya viwanda, kama ile ya Kizota, ikija kugeuzwa makazi, tusianze na idadi ya miti (ingawa kwa vumbi letu inahitajika sana). Tuulize kwanza: makuli na mama lishe wa hapo watabaki, au watasukumwa tena pembezoni?