Mabenchi Matatu ya Mashua ya Alumini

Mashua ya alumini ya futi 14 ina ngozi nyembamba. Bati la ubavuni lina unene wa takriban milimita moja na nusu, na ukilibonyeza kwa kiganja kati ya taruma na taruma, huingia ndani kidogo kisha likarudi. Mashua kama hiyo inaweza kubeba watu watatu, injini na ndoo ya samaki bila kujipinda kwa sababu ya mikunjo ya bati lenyewe, mataruma, na mabenchi. Anayekalia benchi hudhani limewekwa kwa ajili yake. Limewekwa kwanza kwa ajili ya mashua, lishike ubavu wa kulia na wa kushoto, zisitanuke wala kukaribiana mawimbi yanapoisokota.

Kwa hiyo fundi niliyemtazama akiirudishia mashua kuukuu mabenchi yake hakuanza kwa kung'oa. Alianza kwa kupima. Alivuta futi kutoka ukingo hadi ukingo mahali patatu, omo, katikati na tezi, na kila kipimo akakiandika kwa penseli juu ya utepe wa karatasi alioubandika papo hapo ukingoni. Kisha akakata papi mbili, akazilaza kukingama upana wa mashua na kuzibana kwa klampu pande zote mbili. Hizo ndizo zingeshika mbavu wakati mabenchi hayapo. Hata baada ya kuziweka hakuyaondoa mabenchi yote kwa mkupuo. Alitoa moja, akafunga vishikio vyake vipya, ndipo akaenda la pili.

Karakana yake ni gereji ya nyumba kaskazini mwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Amezaliwa Ukerewe, akajifunza useremala Mwanza, na mikono yake ilizoea kwanza mashua za mbao zinazozibwa kwa pamba. Watanzania na Wakenya wa hapa humwita Mzee, na Wamarekani wanaomletea mashua nao wamejifunza kumwita hivyo. Kazi haimpungukii. Minnesota ina maziwa 11,842 ukihesabu yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi, na ni miongoni mwa majimbo ambako mashua za alumini zilishika mizizi mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili: kampuni ya Alumacraft ilianza 1946, na Lund ikaanza 1948 katika mji mdogo wa New York Mills. Mashua zilizotengenezwa miaka ya 1960 bado ziko ziwani. Bati lake limechubuka na rangi imetoka, lakini bado ni zima. Kilichooza ni mbao za kukalia.

Barafu ya maziwa ya huku huyeyuka mwezi wa Aprili, na msimu wa kuvua samaki aina ya walleye hufunguliwa katikati ya Mei. Wiki za kati ya miezi hiyo kila mwenye mashua ana haraka. Mzee hana.

Benchi la zamani lilikuwa limekaa juu ya vishikio, yaani engo za alumini zilizopigwa ribiti kwenye mbavu, na engo mbili zilikuwa zimepasuka. Alipiga alama katikati ya kichwa cha ribiti kwa ncha ya chuma, akatia kwenye drili biti yenye kipenyo sawa na mwili wa ribiti, akatoboa mpaka kichwa kikalegea, akakomea hapo. Kichwa akakibandua kwa patasi. Mwili akausukuma nje kwa kijiti cha chuma na pigo moja dogo la nyundo. Tundu lililobaki lilikuwa duara kamili, halijaongezeka hata kidogo. Mwenye pupa angepitisha biti hadi ng'ambo, ribiti ingezunguka pamoja na biti, na tundu lingepanuka upande mmoja. Tundu la namna hiyo halishiki ribiti mpya ipasavyo, na mwenye mashua hugundua akiwa katikati ya ziwa.

Chini ya benchi la tezi kulikuwa na povu gumu lililonyonya maji kwa miaka mingi. Alilinyanyua kwa mikono miwili, zito kuliko umbo lake. Povu hilo si pambo. Kanuni za Marekani zinataka mashua nyingi za injini zilizo chini ya futi 20 ziendelee kuelea hata zikijaa maji, na katika mashua ya alumini, ambayo bati lake peke yake huzama, kinachoielesha ni povu lililofichwa chini ya viti. Lililolowa halieleshi chochote. Alikata jipya, la aina isiyonyonya maji, akaliinua kutoka sakafuni kwa vipande vidogo vya plastiki ili maji ya ngama yapite chini yake mpaka kwenye kizibo cha nyuma.

Sehemu ya ribiti ndiyo iliyonishika zaidi. Engo mpya alizikata, akazungusha pembe zake kwa tupa zisichane mguu wa mtu, akatoboa matundu, kisha akachukua biti kubwa zaidi na kuizungusha kwa vidole tu kwenye mdomo wa kila tundu, ndani na nje, kutoa ukali ulioachwa na drili. Ukali ule ukibaki, engo na bati havilaliani sawasawa, na maji hupata njia. Kati ya engo na bati alipaka gundi ya kuzibia, nyembamba, akaisambaza kwa kidole kilichovikwa glavu.

Ribiti ngumu inataka watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo, mwingine ndani na kipande kizito cha chuma kinachopokea pigo. Siku ile msaidizi wake hakuwapo.

"Shika chuma, mwanangu," akaniambia. "Usikisukume. Kiegemeze tu, kikae wima."

Mkia wa ribiti unaotokeza ndani unatakiwa uwe na urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo chake. Kwa ribiti zake, zenye kipenyo cha karibu milimita tano, ni milimita saba na ushei. Ukiwa mfupi haufanyi kichwa, na ukiwa mrefu hulala upande. Mzee alipima mkia wa kwanza kwa kipimio kidogo cha chuma, iliyofuata akaipima kwa jicho, na kila baada ya ribiti kadhaa alirudi kwenye kipimio kulisahihisha jicho. Jambo hili nililipenda sana. Ana miaka mingi katika kazi, jicho lake linatosha, na bado halipi neno la mwisho.

Akagonga. Mapigo ya kwanza yaliita, bati lote la ubavuni likaitikia. Kadiri mwili wa ribiti ulivyovimba na kulijaza tundu, mlio ulipungua mwangwi, ukawa mfupi, ukawa butu. Pale pale akaacha. Nikaondoa chuma, tukatazama: kichwa cha ndani kilikuwa kimelala bapa, duara, kimo chake nusu ya kipenyo cha ribiti. Angezidisha mapigo, alumini ingekuwa ngumu na kupasuka kingoni, na bati lingejaa vishimo. Mzee hahesabu mapigo. Anasikiliza, na sikio lake linajua lini tundu limejaa kabla jicho la yeyote halijaona.

Vishikio vyote vilipokwisha alitia maji. Mashua ikiwa juu ya trela yake, alifungulia mpira wa bustani na kujaza ndani kidogo, mpaka safu za chini za ribiti zikafunikwa. Hakuthubutu kujaza zaidi, kwa sababu maji ni mazito na mashua iliyoundwa kubebwa na maji kutoka nje haikuundwa kuyabeba ndani. Kisha akapiga magoti kwa nje na tambara kavu, akapangusa ribiti moja moja na kungoja. Tatu za zamani, karibu na omo, zilitoa tone. Akazizungushia duara kwa chaki, akamwaga maji, akazigonga upya kwa mapigo mawili matatu, akajaza tena. Moja ikaendelea kutokwa. Hiyo akaitoa yote na kuweka nyingine.

Mbao ya mabenchi alikuwa amekwisha kuichagua: plaiwudi ya baharini ya milimita 18, yenye kiwango cha Uingereza cha BS 1088, iliyotengenezwa kwa okoume, mti wa misitu ya Gabon na majirani zake. Ni nyepesi, na safu zake hazina mianya katikati. Udhaifu wake ni kwamba ikiachwa wazi kwenye unyevu huoza upesi. Zipo mbao za bei nafuu zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, na watu wengi huzikimbilia. Yeye hazigusi kwa kazi hii. Tangu mwisho wa 2003, viwanda vya Marekani vilipoacha kutumia dawa yenye aseniki kwa mbao za majumbani, dawa nyingi zilizoshika nafasi yake zina shaba kwa wingi zaidi, na shaba ikikutana na alumini mahali penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Ubao ungedumu na mashua ingetoboka.

Ubavu wa mashua umeinama kwenda nje na umepinda kuelekea omo, kwa hiyo ncha za benchi haziwezi kukatwa kwa guni. Mzee alilaza kadibodi juu ya engo, fupi kidogo kuliko nafasi yenyewe, akashika bikari na kuitembeza, mguu mmoja ukifuata bati na wa pili, wenye penseli, ukichora mpindo uleule juu ya kadibodi. Akakata, akajaribu, akapunguza, akatupa, akachora nyingine. Kwa benchi la omo alitumia kadibodi tatu. Kiolezo kilipokaa bila kusukumwa ndipo alipokihamishia kwenye plaiwudi, nyuzi za safu ya juu zikielekea urefu wa benchi, kwa sababu huko ndiko uzito wa mtu unakoulemea ubao. Alikata kwa jigso nje ya mstari, kisha akaufikia mstari kwa randa, akiilaza kwa mteremko wa ubavu. Kati ya ubao na bati aliacha nafasi ya milimita chache kila upande. Ubao ukigusa bati utalisugua kila safari, na maji yanayonaswa katikati hayakauki.

Kisha matundu ya bolti. Bolti zake ni za milimita sita, lakini alitoboa ubao kwa biti ya milimita 12. Niliuliza kwa nini.

"Bolti haitakiwi kuugusa ubao," akajibu.

Alichanganya epoksi na unga laini wa mbao mpaka ikawa nzito, akayajaza matundu yote, akayaacha yakauke. Siku iliyofuata alitoboa upya katikati ya kila kizibo, safari hii kwa milimita sita. Bolti sasa ilipita ndani ya bomba la epoksi. Maji yakiteremka pembeni mwa bolti, na siku moja yatateremka, hayatakuta uzi wa mti wa kunyonya.

Epoksi ya kupaka aliichanganya kwa vipimo, akaikoroga taratibu huku akikwangua kuta na kitako cha kopo, halafu akaimimina mara moja kwenye sinia pana. Ikikaa koponi hujichemsha yenyewe, na inaweza kutoa moshi. Mkono wa kwanza alipaka mwembamba. Nyuso za ubao ziliupokea na kung'aa, ila kingo, ambako nyuzi zimekatwa, ziliunywa wote na kubaki kavu kama hazijapakwa. Akarudi kingoni. Zikanywa tena. Akarudi, akarudi tena, brashi ikifuata kingo zilezile za mabenchi yaleyale, mpaka zikashiba na kubaki zimelowa. Upande wa chini, ambao hakuna atakayeuona labda mashua ipinduke, aliupaka mikono mitatu sawa na wa juu. Kati ya mkono na mkono aliosha kwa maji utando wa mafuta unaojitokeza epoksi inapokauka, akapiga msasa, akapangusa vumbi. Juu ya yote akapaka vanishi, kwa kuwa epoksi haistahimili jua.

Siku ya kufunga, mabenchi yalishuka mahali pake bila nyundo. Bolti zilikuwa za chuma cha pua, na kila palipotaka kukutana chuma na alumini aliweka washa ya nailoni, pamoja na gundi ya kuzibia kuzunguka shingo ya bolti. Nati alizikaza kwa vidole na nusu mzunguko wa spana, akaziacha. Ukikaza kabisa gundi ikiwa mbichi, yote hukamuliwa nje na kubaki chuma juu ya chuma. Kesho yake, gundi ilipokuwa mpira, alizikaza robo mzunguko kila moja, akibadilisha pande. Akafungua papi na kupitisha futi mahali pale patatu penye utepe wa karatasi. Vipimo vilikuwa vilevile.

Mwenye mashua, Mmarekani wa makamo, alipokuja aliketi kwenye benchi la katikati na kujitikisa. Halikulia. Mzee alimwonyesha kizibo cha nyuma, akamwambia akiondoe kila anapoiegesha mashua nchi kavu, na wakati wa baridi aifunike ikiwa imeinuliwa omo. Mwishowe akamuuliza kama huwa anabeba sarafu mfukoni akienda kuvua. Senti ya Marekani imepakwa shaba, akamweleza, na ikilala kwenye maji ya ngama msimu mzima inaweza kulitoboa bati. Ikidondoka, aitafute mpaka aipate.