Kifo cha Ndugu na Kizuizi cha Kisasi: Ujenzi wa Wahusika katika Anime ya One Piece

Utangulizi

Mfululizo wa One Piece, uliobuniwa na Eiichiro Oda, ulianza kuchapishwa kama manga, yaani hadithi ya picha, katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1997. Tangu mwaka 1999 kampuni ya Toei Animation imekuwa ikiutayarisha kama anime. Miongoni mwa matukio yanayoubadili mwelekeo wa msuko wake ni kifo cha Portgas D. Ace katika vita vya Marineford, kinachosawiriwa katika sehemu ya 483. Ace ni kaka wa mhusika mkuu, Monkey D. Luffy, na anauawa mbele ya macho ya mdogo wake aliyekwenda kumwokoa asiuawe na serikali.

Usomaji uliozoeleka hukichukulia kifo hiki kuwa kichocheo cha nguvu: Luffy anampoteza kaka, anajiona dhaifu, anajifunza kupigana na kurudi akiwa imara. Usomaji huo una ukweli, lakini unaliacha swali moja bila jibu. Kwa nini Luffy hamfuati Akainu, amiri aliyemuua Ace? Makala haya yanadai kwamba katika One Piece kifo cha ndugu ni mtihani wa kisasi, na kwamba kinachoamua hatima ya mfiwa si nguvu zake bali ni kuwapo kwa mtu wa kumzuia.

Udugu wa kiapo

Ace, Luffy na Sabo hawana damu moja. Walifanywa ndugu utotoni kwa kunywa pamoja vikombe vya pombe ya mchele, desturi ya Kijapani ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataiona kuwa jirani ya udugu wa kuchanjiana. Methali isemayo kuwa undugu ni kufaana, si kufanana, inaueleza vyema uhusiano wao. Hata hivyo, udugu wa hiari una uzito wake: aliyemchagua ndugu hawezi kusema kwamba wajibu huo alizaliwa nao tu. Kwa Ace, mwana wa haramia Gol D. Roger ambaye dunia nzima ililaani uzao wake, kuwa kaka ndiko kunakompa sababu ya kuishi.

Vifo vitatu, vizuizi viwili

Kifo cha Ace ni cha tatu katika mnyororo wa misiba ya kindugu. Cha kwanza ni cha Sabo, ambaye angali mtoto mashua yake inapigwa mzinga na mtukufu wa tabaka la juu, na nduguze wanaamini amekufa. Ace anataka kwenda kulipiza siku hiyo hiyo. Dadan, mwanamke jambazi anayewalea, anamkandamiza chini na kuamuru afungwe. Kitendo hicho kinaonekana cha ukatili, lakini ndicho kinachomhifadhi hai.

Msiba wa pili ni wa Thatch, mwenzake Ace katika kundi la maharamia wa Whitebeard, ambamo wote huitana ndugu. Thatch anauawa na Teach, aliyekuwa chini ya uongozi wa Ace. Whitebeard anamshauri Ace asimfuate muuaji, naye hasikii. Safari hii hakuna wa kumkandamiza chini. Ace anamsaka Teach, anashindwa, anakabidhiwa kwa serikali na kuhukumiwa kifo. Kwa hiyo, chanzo cha Marineford ni kisasi cha ndugu kilichokosa kizuizi.

Katika msiba wa tatu mfiwa ni Luffy. Anapozinduka katika kisiwa cha Amazon Lily anavunja miti na miamba na kujijeruhi. Jinbe anamkamata kwa nguvu na kumtaka aache kuhesabu alivyopoteza, atazame kilichobaki. Luffy anahesabu kwa vidole, na kilichobaki ni mabaharia wenzake. Tukio hili linarudia kwa umbo lile la Dadan: mwili wa mtu mzima unauzuia mwili wa mfiwa. Tofauti ni kwamba Jinbe anaongeza neno juu ya nguvu, na neno hilo linamrudisha mfiwa kwa walio hai.

Mpangilio wa usimulizi

Oda hasimulii misiba hii kwa kufuata wakati. Kisengerenyuma cha utoto kinawekwa baada ya kifo cha Ace. Hadhira inamsikia Ace mdogo akimwahidi Luffy kwamba hatakufa, ilhali imekwisha kumwona akifa. Ahadi inakuja ikiwa tayari imevunjwa. Zaidi ya hayo, imevunjwa kwa kutimiza wajibu ule ule ulioizaa, kwa sababu Ace anakufa akimkinga mdogo wake.

Mpangilio huo pia unaipa maana mpya chale iliyo mkononi mwa Ace. Katika herufi ASCE, S iliyokatwa kwa alama ya msalaba inadhihirika kuwa kumbukumbu ya Sabo. Baadaye Luffy anajitokeza Marineford akiwa ameandika mkononi 3D iliyokatwa, ikifuatwa na 2Y, kuwaarifu wenzake kwamba wataonana baada ya miaka miwili badala ya siku tatu. Umbo ni moja, lakini Ace aliandika kwa ajili ya aliyepotea, na Luffy anaandika kwa ajili ya watakaoisoma picha yake gazetini.

Urithi badala ya kisasi

Inaweza kupingwa kwamba Luffy anarudi na uchangamfu wake wa zamani, hivyo msiba haukumbadilisha. Pingamizi hili linatafuta huzuni katika maneno, ilhali Oda anaiweka katika vitendo. Huko Dressrosa, Luffy anaingia mashindanoni kwa sababu zawadi ni tunda lenye nguvu za moto alizokuwa nazo Ace. Yeye mwenyewe hawezi kulila. Anachotaka ni lisiangukie mikononi mwa mgeni. Hapo anajitokeza Sabo, aliyepoteza kumbukumbu utotoni na kuipata tena kwa kusoma habari za kifo cha Ace. Sabo, aliyechelewa kumwokoa kaka, analichukua tunda na kuurithi moto wake. Luffy anamwachia, na kwa tendo hilo ndugu wawili wanaanua matanga waliyoyakaa kila mmoja peke yake.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba kifo cha Ace hakimjengi Luffy kwa kumpa adui wa kumwinda. Ace mwenyewe ndiye aliyefuata njia hiyo, na mwisho wake ndio hoja ya mtunzi dhidi yake. Nguvu ambazo Luffy anazitafuta kwa miaka miwili zinatokana na uamuzi uliotangulia mafunzo: kukubali kuzuiwa.