Kamera Bila Mkanda

Mwaka jana, hapa kata ya Kambarage, mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha aliuza kamera zake saba kwa siku moja. Mnunuzi alikuja na gari kutoka mbali. Alizipanga kamera juu ya boneti, akapuliza vumbi, akabonyeza moja baada ya nyingine huku ameinamisha sikio kama mtu anayenunua saa. Alisema anazitaka za kupamba ukuta mahali wanapofikia watalii. Chini ya kitanda cha mzee kulikuwa na maboksi manne ya nega, vile vipande vya filamu ambamo uso mweusi hugeuka mweupe. Kazi ya karibu miaka thelathini hiyo: pasipoti, harusi, misiba, timu za mpira, wasichana waliotoka Mwadui kuja kupiga picha na magauni ya kuazima. Mnunuzi alifunua boksi moja, akalifunika. "Haya hapana, mzee wangu," akasema. Mvua zilipoanza bati likavuja, na maboksi mawili yakawa uji.

Ndugu msomaji, utaniuliza: hili ni gazeti la fasihi, kamera zimeingiaje? Zimeingia kwa mlango wetu wenyewe, ule wa fani na maudhui. Sote tulifundishwa mfano wa chungwa, kwamba ganda ni fani na nyama ya ndani ni maudhui. Wengine tuliukataa mfano huo tangu darasani, tukisema vitu hivi viwili havimenyeki namna hiyo. Basi siku ile niliona kwa macho yangu mtu akilimenya chungwa, akaondoka na ganda.

Simtukani. Wakusanyaji wa kamera za zamani, wapo Ulaya na Marekani kwa maelfu na hata hapa kwetu wameanza, wana haki ya kushukuriwa. Bila wao vitu hivi vingeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, vikapimwa kwa kilo pamoja na masufuria yaliyotoboka. Anayeikausha lenzi isiote ukungu, anayeifunika kamera isiingie vumbi letu la Shinyanga, huyo ametunza kitu. Ugomvi wangu uko kwingine. Kutundika kamera ukutani nako ni kusoma, ni tafsiri. Mtundikaji anatuambia: hiki ni kizuri, ni cha kale, kimekwisha. Haulizi kiliona nini. Kama angetundika kalamu ya Shaaban Robert na kuvitupa vitabu, tungempigia makofi kweli?

Sasa tuingie ndani ya chuma chenyewe, maana wengi wetu tuliozaliwa na simu mkononi hatujui kilikuwa kinafanya nini. Chukua Bolex H16, kamera ya sinema iliyotengenezwa Uswisi tangu 1935 na kampuni ya Paillard. Haina betri. Unaitia ufunguo kama saa ya mezani, springi inakaza, unabonyeza, inakimbia. Kwa mwendo wa kawaida wa sinema, picha 24 kwa sekunde, springi inaisha nguvu baada ya nusu dakika hivi. Roli ya futi 100 inatosha dakika 2 na sekunde 46, basi. Na roli hiyo Tanzania haikutengeneza hata siku moja. Iliagizwa nje, kwa fedha za kigeni, zama ambazo fedha za kigeni zilitafutwa kwa tochi. Kwa hiyo mshika kamera alikuwa hana budi kuamua kabla ya kubonyeza. Alitazama kwanza kwa macho matupu. Alisubiri. Alijiuliza: hili linafaa sekunde zangu ishirini, au niache?

Hiyo ndiyo fani inayozaliwa na mashine na mfuko, na ndiyo ninayosema haitundikiki.

Ushahidi wangu ni filamu moja ya Kitanzania ambayo vijana wengi hawajaiona, nami nimeiona mara mbili tu. Inaitwa These Hands, yaani Mikono Hii, ya Flora M'mbugu-Schelling, ilitoka mwaka 1992, dakika 45. Mahali ni machimbo ya mawe ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Wanawake wamekaa juani wanagonga mawe kwa nyundo kupata kokoto. Wanagonga. Wanaimba. Wanaendelea kugonga. Hakuna sauti ya mtangazaji inayotuambia tuwaonee huruma, hakuna mtaalamu aliyekaa mbele ya kabati la vitabu akieleza umaskini ni nini. Ukiwa umezoea tamthilia za video utasema, mbona hapatokei kitu? Mimi mara ya kwanza nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, jamaa yangu akaninyamazisha.

Lakini kaa nayo. Baada ya muda sikio linaanza kutofautisha nyundo na nyundo. Unajua huyu amechoka kabla hajaonyesha kuchoka, kwa sababu mapigo yamepanuka. Jiwe ambalo mwanzoni lilikuwa jiwe tu unaanza kulipima: hili litapasuka kwa mapigo mangapi? Mwili wako wenyewe unaingia kazini. Maelezo, kwamba wengi wao ni wakimbizi kutoka Msumbiji, yanakuja mwishoni kwa maandishi, wakati umeshawajua kama wafanyakazi na huwezi tena kuwashusha kuwa wakimbizi tu. Maandishi yale yamecheleweshwa kwa makusudi, na makusudi hayo nayakubali nusu. Nusu nyingine inanikera kidogo, maana yanakuja kwa sauti ya mwalimu baada ya somo lililokwisha kueleweka. Hata hivyo sijaona kazi nyingine ya kwetu iliyomwamini mtazamaji kiasi kile.

Piga hesabu. Dakika 45 za mkanda wa milimita 16 ni futi 1,620, na hapo hujagusa vipande vilivyotupwa. Mtu anayelipia kila futi ameamua kuzitumia futi hizo kwa mwanamke anayegonga jiwe, kisha anagonga tena. Uamuzi huo ni maudhui. Nani alishawahi kuwapa wanawake wale gharama hiyo?

Mimi huifikiria filamu hii kila nikienda upande wa Geita. Kule Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, kokoto ina dhahabu ndani yake, au angalau inatumainiwa kuwa nayo. Mawe yanatoka kwenye maduara, na kabla ya kufika kwenye karasha utakuta akina mama wameyazunguka na nyundo, mtoto mgongoni, wanayapunguza. Kinachofuata baada ya hapo, maji ya mwaloni, zebaki, marudio yanayosagwa upya, kila mtu wa kanda hii anakijua. Mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966, kisha ukafunguliwa upya kwa mtaji wa kigeni mwaka 2000, na picha zake za rangi zimejaa kwenye vipeperushi. Mama wa nyundo anapigwa picha na wapita njia.

Na anapigwa sana! Mwezi uliopita mshikaji alinionyesha kwenye simu kipande cha sekunde arobaini. Wanawake sita, nyundo, vumbi, mwanga mzuri wa saa kumi na moja jioni. Juu yake amebandika muziki wa kuchezea. Sauti ya nyundo hakuna kabisa. Nilimwuliza, "Mbona umewanyamazisha?" Akajibu, "Kaka, kelele zile nani atazivumilia?" Alikuwa amepiga vipande zaidi ya sitini siku ile, hata yeye mwenyewe hakuwa amevitazama vyote.

Tusikimbilie kusema simu ndiyo mbaya. Simu ya yule jamaa ingeweza kukaa mbele ya mama mmoja saa nzima bila kudai hata senti. Bolex haiwezi hata dakika. Aliyekuwa na uwezo wa kutazama kwa muda mrefu hakutazama, na yule ambaye muda ulimkimbia, ndiye aliyetulia. Hilo ndilo linalonifanya nidhani kuzitumia kamera hizi za zamani, siyo kuzipanga tu, kunaweza kumfundisha mwandishi kijana kitu ambacho semina haifundishi.

Sitaki pia tuiabudu mashine. Twende nyuma kidogo, milima ya Usambara. Pale Vugiri, kati ya 1935 na 1937, palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliolipiwa na Carnegie Corporation ya Marekani. Fundi mkuu alikuwa Major L. A. Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge. Upande wa elimu alikuwa G. C. Latham. Walitengeneza filamu kama 35 kwa mkanda ule ule wa milimita 16, sauti wakaiweka kwenye sahani za santuri, wakazizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mada? Safura, mifugo, kilimo, kuweka akiba Posta. Futi zilikuwa zile zile, na gharama ilikuwa kubwa vile vile. Lakini hao walishakuwa na jibu kabla ya kutazama: Mwafrika haelewi picha inayokwenda haraka, Mwafrika afundishwe. Kwa hiyo walituonyesha kwa muda mrefu bila kutuona. Filamu tatu kati ya zile zipo bado London, kwenye hifadhi ya British Film Institute. Ukizilinganisha na Mikono Hii utakuta mikono inayofanya kazi huku na huku. Ya Vugiri inaonyeshwa ili itii somo. Ya Kunduchi haitii kitu, inagonga.

Ndiyo maana ninamwambia mkusanyaji: ukiniletea kamera, niletee na nega. Zanzibar kwa hili wametuzidi. Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 pale Mji Mkongwe, haikujulikana kwa vyuma vyake. Ilijulikana kwa sababu familia ilizitunza picha za utawala wa masultani, za mapinduzi na za watu wa kawaida wa mitaani, na mtu akaweza kuingia kutoka barabarani akamtazama bibi wa mtu machoni. Shinyanga tulikuwa na studio zetu, ndogo, zenye pazia lililochorwa ndege na maua. Pazia hata mbuzi wamekula.

Kuhusu kutumia, maana nisiwe mhubiri. Nina Zenit-E, kamera ya Kirusi ya picha za mnato, aina iliyotengenezwa kwa mamilioni. Ni nzito kama tofali na mlio wake unamshtua kuku. Mkanda wangu wa kwanza niliuunguza wote: nilifungua mgongo kabla sijaurudisha ndani ya kopo lake, jua la Shinyanga likamaliza kazi kwa sekunde moja. Picha 36. Nilikaa chini. Wa pili niliusafisha usiku chumbani, dirisha nimelizibia blanketi, kwa dawa isiyo ya dukani: kahawa ya unga ya kopo, magadi ya kufulia na vitamini C. Si uchawi, dawa ya kahawa ilijaribiwa chuoni Rochester, Marekani, mwaka 1995, na inafaa kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, wa sinema pia. Chumba kilinuka wiki nzima, mama akauliza nimechinja nini. Zilitoka picha tisa, mbili zinatazamika.

Tisa hizo nazikumbuka moja moja, nani alikuwa wapi na mwanga ulitoka upande gani. Kwenye simu yangu kuna picha zaidi ya elfu tatu.

Nilimpelekea yule mzee zile mbili. Alizisogeza dirishani, akazitazama muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, huyu umemkata miguu." Kisha akainuka, akatoa kitu chini ya mto, kimefungwa kwa kanga. Kumbe zilikuwa nane. Zenit kama yangu, ngozi imebanduka pembeni. Nikanyoosha kidole kwenye kitasa cha nyuma, akanipiga mkono.

"Usifungue. Ina mkanda."

Aliutia mwaka 2004, mwaka aliofunga studio. Kihesabio kinaonyesha 22. Nilimweleza kwamba mkanda wa miaka mingi namna hiyo huingia ukungu, huenda tukapata vivuli tu. Anajua, alikuwa akiifanya kazi hii kabla mimi sijazaliwa. Nikasema basi tuusafishe wiki hii hii, kahawa ninayo. Akakataa. Zimebaki 14, anasema, na mkanda hautolewi haujaisha. Jumamosi tunakwenda wote sokoni kuzimalizia, yeye atachagua, mimi nitabeba kiti.