Rupia Iliyofanya Kazi

Wako wakusanyaji wanaotaka sarafu ambayo haijawahi kununua kitu. Huitaka ing'ae kama siku ilipotoka kiwandani, huifungia ndani ya kijisanduku cha plastiki, na hapo safari yake inakwisha. Siwalaumu, pesa ni zao. Mimi niko na wale wanaotafuta rupia iliyofanya kazi: iliyolipa kodi ya nyumba, ikanunua kaniki, ikafungwa kwenye pindo la leso, ikaingia kwenye mtoto wa meza ya duka na kutoka tena. Kuzitafuta sarafu za namna hiyo na kuzipanga kwa mwaka na kwa alama ya kiwanda, hadi safu itimie, ni ustadi ambao nadhani haujasifiwa vya kutosha kwetu.

Shule nzuri ya ustadi huu ni rupia ya Mjerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuitoa mwaka 1890. Upande mmoja yuko Kaizari Wilhelm II na kofia yake ya chuma yenye tai utosini, upande wa pili yuko simba na mti wake. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikatoa rupia yake yenyewe. Rupia moja ikawa heller 100 badala ya pesa 64, simba akaondolewa, na yakaja makuti mawili kuzunguka thamani na mwaka. Upande huohuo ikaingia herufi moja ndogo ambayo wengi walioshika rupia hizi maisha yao yote hawakuwa na sababu ya kuitazama: A ikiwa imepigwa Berlin, J ikiwa imepigwa Hamburg. Rupia ya 1904 ina A peke yake, ya 1914 ina J peke yake, na ya 1905, mwaka ambao vita vya Maji Maji vilianza, ipo ya A na ipo ya J. Kwa hiyo mtu akikuambia ana rupia ya Mjerumani ya 1911, bado hajakuambia kitu. Ya wapi?

Kuijua ya wapi si jambo la kutupia jicho tu. Sarafu huanza kulika pale palipoinuka. Mabawa ya tai hutangulia, masharubu ya Kaizari hufuata, kisha shavu, na mwishowe unabaki na umbo la mtu mwenye kofia asiye na uso. Taa ya darini haisaidii. Sogea dirishani, ilaze sarafu kiganjani, mwanga uijie kutoka ubavuni, kisha uizungushe polepole. Herufi uliyodhani imefutika itatupa kivuli chembamba kama unywele, na hicho kivuli ndicho kinachosomwa. A iliyochoka hubakiwa na miguu miwili. J hubakiwa na mkia. Ukishakizoea kivuli hicho, hutashika tena sarafu yoyote bila kuigeuza ubavu.

Kuna kulika kwa haki na kulika kwa kuonewa, na hapa ndipo mkusanyaji wa kweli anapojulikana. Rupia iliyopita mikononi kwa miaka mingi ina weusi kidogo kwenye mabonde ya maandishi na rangi ya kijivu tulivu kwenye uwanda wake. Muuzaji asiyejua huichukua hiyo akaisugua kwa jivu na ndimu, au kwa dawa ya meno, ili imeremete machoni pa mgeni. Ikimeremeta, imekwisha. Weusi ule ulichukua miaka kujengeka na hakuna dawa ya kuurudisha. Sarafu iliyosuguliwa ina mng'ao wa sufuria, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo imeelekea upande mmoja, kwa jinsi mkono wa msuguaji ulivyokwenda.

Lakini nina mgogoro na wenzangu kuhusu zile zilizovaliwa. Ninayo ya 1911 ambayo juu ya kofia ya Kaizari ina kifundo cha lehemu, mahali sonara alipounga kipete ili ining'inie kwenye mkufu. Kwa vitabu vya bei hiyo ni sarafu iliyoharibiwa. Mimi naona imepandishwa cheo tu. Rupia nyingi ziliyeyushwa zikawa bangili. Hii ilitundikwa shingoni na ikabaki na mwaka wake na herufi yake.

Weka sasa mizani ndogo ya sonara mezani. Rupia, iwe ya Kijerumani au ya Kihindi, ina gramu 11.66, na karibu gramu 10.7 kati ya hizo ni fedha tupu. Mwaka 1920 Waingereza walipoiondoa rupia ya Kihindi Kenya na Uganda, walileta florini yenye uzito uleule, ila nusu yake tu ndiyo fedha, yaani gramu 5.8. Rupia moja kwa florini moja. Florini haikudumu, ikaja shilingi ya 1921 yenye simba na milima, robo tu fedha, na florini moja ikawa shilingi mbili. Pima shilingi mbili: fedha iliyomo haifiki gramu 4. Mwenye rupia aliambiwa thamani ni ileile, na karibu gramu 7 za fedha hazikuonekana tena. Mabishano ya wakati ule juu ya kima cha rupia yamejaza kurasa nyingi. Hapa yamelala kwenye kitambaa, sarafu nne tu.

Shilingi hizo nazo zina herufi zake. Zisizo na herufi ni za London, H ni ya Birmingham. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto na bahari ya kutoka Uingereza ikawa ya hatari, zikaanza kuonekana I ya Bombay na SA ya Pretoria. Mwenye sumni na shilingi chache za miaka ya vita, akizipanga kwa herufi, ana ramani ya himaya iliyokuwa ikijihami. Kabla ya hapo utaona pengo: baada ya 1925 hakuna shilingi mpya hadi 1937.

Reale ya Maria Theresa wa Austria ndiyo inayovunja kanuni zote hizi. Ilizunguka Unguja, Omani na Uhabeshi, na mwaka wake ni 1780 daima, kwa sababu malkia alifariki mwaka huo na wapigaji wakaendelea na tarehe ileile. Ilipigwa Vienna, na baadaye hata Rome, London na Bombay, na hakuna iliyojitaja. Wapo wanaoipambanua kwa kuhesabu manyoya ya mkia wa tai. Nawaheshimu, ila mie hapo nimenawa mikono.

Tukirudi kwa Mjerumani, rupia yake ya fedha inakomea 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, meli za Waingereza zilifunga pwani, na mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao Tabora, katika karakana ya reli: shaba nyeupe hakuna, fedha hakuna, bali heller za shaba ya manjano, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye tembo. Herufi yake ni T. Hiyo ndiyo alama pekee ya safu nzima iliyopigwa kwetu.

Uvumi wa mali iliyofukiwa na Mjerumani umepandisha bei za sarafu hizi mitaani, ila uvumi huo haujui kusoma. Muuzaji atakuapia kwamba iliyosuguliwa ni ghali zaidi kwa vile inang'aa, na kwamba zote zilizobaki kwenye kopo ni bei moja, "za Mjerumani hizi, mzee." Namwachia ile inayong'aa. Naomba kusogea dirishani na kopo langu, nageuza moja moja ubavu, na nikiona mkia wa J ninayoitafuta, bei yake silii wala sibishi.